Viboko Walivyotunyamazisha

Kuna kipindi katika ndoa ambapo mnaamka mnasalimiana, kisha mpaka usiku mazungumzo yenu ni ada, gesi na nani atamfuata mtoto shuleni. Mimi na mume wangu tulifika huko. Hakuna aliyetoka nje ya ndoa. Tulikuwa bize tu.

Kilichonishtua ni mchoro wa mwanetu wa miaka sita. Shuleni waliambiwa wachore familia. Baba yuko na laptop, mama yuko na simu, yeye na mdogo wake wako mwisho kabisa wa karatasi na dada wa kazi. Nilicheka. Usiku sikulala.

Basi Jumamosi moja tukatoka Arusha alfajiri kwenda Hifadhi ya Ziwa Manyara. Ni mwendo wa saa mbili hivi, lakini sisi wa Arusha huwa tunalipita lile geti tukienda msibani Karatu, tunawaachia wageni waingie. Na kabla hatujafika tulishagombana. Yeye alipokea simu ya ofisini, mimi nikatupa kijembe, gari likawa kimya.

Ndani ya hifadhi, watoto hawakujua habari za kununiana. Msitu wa pale unanyweshwa na chemchemi zinazotoka chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kwa hiyo ni kijani hata wakati wa kiangazi. Nyani walikaa katikati ya barabara kama wenye mali. Simba wa Manyara wanasifika kwa kupanda miti. Tulikagua kila mgunga mpaka shingo zikauma, hatukuona hata mkia!

Kwenye viboko nako niliona mawe tu majini. Mwongozaji akatuambia tusubiri: mchana kiboko hushinda majini kwa sababu jua linakausha ngozi yake, ila kila baada ya dakika chache lazima aibuke apumue. Tukasimama. Mume wangu akafungua mdomo, mwanangu akamnong'oneza, "Baba, shhh!"

Ghafla "jiwe" moja likapumua, pwaaa! Watoto wakaruka kwa furaha. Na simu ya baba yao ikaanza kuita. Akaitazama, akanitazama mimi, akaizima.

"Mama watoto, yule pale ana mtoto."

"Yuko wapi? Mbona simwoni?"

Akainama, akanyoosha mkono karibu na shavu langu ili nifuate kidole chake. Nikakiona kichwa kidogo, kimeegemea shingo ya mama. Nakiri, nilichelewa kusogea makusudi. Sikumbuki mara ya mwisho tulikuwa karibu hivyo bila mmoja wetu kuwa amelala.

Sitawadanganya kwamba siku moja imemaliza kila kitu. Jumatatu simu ziliita kama kawaida. Lakini tuliporudi, kutoka Mto wa Mbu tuliponunua ndizi nyekundu mpaka Makuyuni, tulipiga stori na hakuna aliyetaja ada. Sasa kila mwezi tuna Jumamosi yetu. Si lazima iwe Manyara. Hata bwawa lenye ndege linatosha, ilimradi mnyamaze na kutazama upande mmoja.

Mwanangu amechora tena. Safari hii tuko wanne, tumebanana mbele ya kiboko mkubwa kuliko gari. Simu bado ninayo mkononi. Nikamwuliza, mbona hivyo?

"Ulikuwa unatupiga picha, mama."