Kuuliza kwa Njia ya XPath

Kutafuta kitu ni kazi, lakini kukieleza kitafutwacho ni kazi kubwa zaidi. Mjumbe aliyeagizwa alete mtungi wa tatu kutoka mlangoni ataleta wa tatu, hata kama mitungi imepangwa upya usiku. Aliyeagizwa alete mtungi wa maji ya kunywa wenye kifuniko hapotei kwa urahisi. Msomaji wangu, tofauti hii ndogo ndiyo siri ya lugha iitwayo XPath, ambayo napenda uifahamu.

Ukurasa wa mtandao umeandikwa kwa HTML. Machoni petu ukurasa huo hufanana na karatasi. Kwa tarakilishi ni ukoo mzima. Elementi ya html ndiyo jadi ya wote. Watoto wake ni head na body. Ndani ya body huzaliwa aya, picha na majedwali. Jedwali lina mistari, na mstari una visanduku. Kwa hiyo XPath husema kwa maneno ya nasaba: mzazi, mtoto, ndugu, wahenga na wazao. Lugha hiyo iliidhinishwa na shirika la W3C mwezi wa Novemba 1999, nayo ingali mikononi mwa waandishi wa programu wanaotaka kuchuma jambo moja katika ukurasa mrefu.

Alama zake ni chache. Mkwaju mmoja huamuru kushuka kwa mtoto. Mikwaju miwili huamuru kutafuta miongoni mwa wazao wote, wa karibu na wa mbali. Alama ya @ hutaja sifa ya elementi. Mabano ya mraba hushika sharti, na humo ndimo ilimo nguvu ya lugha. Hesabu yake huanza na moja, wala si sufuri kama ilivyo katika lugha nyingi za programu.

Tuseme pana jedwali la bei za mazao: mstari wa kwanza mtama, wa pili mahindi, wa tatu maharagwe. Kisanduku cha kwanza kina jina la zao, cha pili kina bei. Mwenye haraka ataandika:

//tr[2]/td[2]

Leo atapata bei ya mahindi. Kesho mwenye ukurasa akiongeza mchele juu ya mtama, mstari wa pili utakuwa wa mtama. Je, programu italalamika? La, hasha! Italeta bei ya mtama kwa utulivu ule ule, na mkulima aliyeitegemea atauza mahindi yake kwa bei isiyo yake. Kosa lenye kelele husahihishwa siku hiyo hiyo. Kosa lililo kimya hula mavuno.

Mwenye busara ataandika:

//tr[td[1]='Mahindi']/td[2]

Maana yake ni hii: tafuta mstari ambao kisanduku chake cha kwanza kimeandikwa Mahindi, kisha nipe kisanduku chake cha pili. Mistari na iongezwe au ipunguzwe, swali litasimama. Mahindi yakiondolewa, halitapatikana jambo lolote, na kukosa huko ni jawabu la kweli. Pakiwa na majedwali mawili, la leo na la mwaka jana, taja sifa ya lile ulitakalo:

//table[@id='leo']//tr[td[1]='Mahindi']/td[2]

Walakini usilale. Bei ikihamia kisanduku cha tatu, swali hili nalo litapotoka. Tena XPath hufuata neno kama lilivyoandikwa: 'mahindi' si 'Mahindi'. Kadhalika, kivinjari hutia elementi ya tbody katika jedwali hata kama mwandishi hakuiandika. Kwa hiyo njia ndefu iliyonakiliwa kivinjarini yaweza kutoka mikono mitupu katika programu isomayo maandishi kama yalivyo.

Ukitaka kujaribu, fungua ukurasa katika Chrome au Firefox kwenye tarakilishi, bonyeza F12, nenda sehemu ya Console, uandike $x("//a"). Utaletewa elementi zote za viungo vilivyomo. Kisha ongeza sharti moja baada ya jingine mpaka kibaki kile ukitakacho peke yake.

Lugha hii humpa mtu alichouliza, hata kama sicho alichokusudia. Basi kabla ya kuandika swali, jiulize kitu hicho kinajulikana kwa nini: kwa mahali kilipokaa leo, ama kwa jinsi kilivyo? Mahali hubadilika upesi. Sifa hudumu zaidi.