Ubani wa Msalabani

Ukishuka daladala leo Pongwe, mjukuu wangu, utakutana na vumbi la mawe ya chokaa, udhani hapa hapakuwa na kingine. Sisi tulikua na harufu ya korona, mashine ya kuchuna mkonge. Mkonge ukishachunwa nyuzi, makapi yake yakilala juani siku mbili tatu hutoa uvundo mchachu unaoingia hata kwenye shuka. Baba alikuwa karani wa mizani shambani. Majirani zetu walikuwa Wadigo wenye mji wao, pamoja na manamba walioletwa kutoka bara na SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge. Sisi Wabondei wa UMCA, misheni ya Kianglikana, tulikuwa kaya chache, na kanisa letu kubwa lilikuwa Magila, pale Msalabani, kupita Muheza.

Septemba 14, sikukuu ya Msalaba, tulikwenda kwa treni. Mama alikuwa ameshapiga pasi ya makaa usiku, nasi tukavaa nguo zikinuka moshi. Reli yenyewe ni ile Mjerumani aliyoanza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896. Stesheni ya Muheza machungwa yaliuzwa kwa mafungu, fungu senti kumi, na mchuuzi akikujua mzazi wako anakutupia moja la nyongeza. Kutoka hapo ni miguu, viatu mkononi visichakae, hadi unapoliona jengo la mawe ambalo mgeni angedhani limeng'olewa kijijini Uingereza na kupandwa katikati ya minazi na mihogo.

Padre wetu Mzungu, shingo nyekundu kama bata mzinga, alisema Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko cha baba. Hakuwa na mke, kwani wamisionari wa UMCA hawakuwa wakioa. Watu wazima walimtaja Askofu Frank Weston, aliyefia Hegongo hapo jirani mwaka 1924, kana kwamba ametoka tu kunawa mikono. Walisimulia pia vita vya 1914, jinsi Mjerumani alivyowafunga mapadre Waingereza na walimu wetu weusi vilevile. Mimi masikio yangu yalikuwa kwenye chetezo. Ubani ulipanda mpaka mapaa yakapotea, nasi tukarudi Pongwe tunanukia. Rafiki yangu Mdigo, mtoto wa mwalimu wa chuo cha Kurani, akaninusa kanzu, akaniuliza kama na sisi tumesoma maulidi. Nikamwambia ndiyo. Sikuona uongo hapo, na sasa pia sioni.

Kulikuwa pia na makasha ya misaada kutoka Uingereza. Watoto wa parishi ndogondogo za huko walitia peni zao kwenye visanduku kwa ajili yetu, na mama zao walifuma sweta. Sweta za sufu, Tanga! Mama aliishukuru misheni kwa adabu zote, kisha akazifumua usiku, uzi ukawa vitambaa vya meza. Hilo la makasha lilikuwa jema, silikatai. Lakini ukutani kanisani kulitundikwa picha za mapadre tu. Bibi mzaa baba alikuwa akizipita bila kuzitazama, anagusa jiwe la nguzo. Mama yake, alisema, ni miongoni mwa wanawake waliobeba mchanga wa kanisa lile kichwani. Kwake parishi ilikuwa ule mchanga, na michango ya mhogo na kuku waliyotoa watu wa vijijini mwaka hadi mwaka, hata kwenye njaa. Nadhani alisema kweli, ingawa mapadre wenyewe, kwa kadiri nilivyowajua, walikula bada kama sisi na wengine wamezikwa hapo hapo Magila.

Mwaka 1965 UMCA ikaungana na SPG, shirika jingine la kimisionari la Kianglikana, jina likatoweka kwenye barua. Miaka miwili baadaye likaja Azimio la Arusha, na mashamba mengi ya mkonge yakawa ya serikali. Baba akaendelea kupima mizigo kwenye mizani ile ile. Kuhusu shamba hakusema neno. Kilichomuudhi, akakilalamikia hadi uzeeni, ni padre mpya, Mbondei mwenzake, kufupisha maandamano ya Msalaba kwa sababu ya jua.