Kifuko cha Bibi, Kabla ya Rambo

Tanga ya utoto wetu, kanga haikufa upesi. Ilivaliwa arusini, ikashuka ikawa ya kushindia, kisha ikachanwa mawinda ya mtoto. Kipande kilichosalia na nguvu ndicho kilichoshonwa kifuko.

Bibi hakuwa na cherehani. Alivilaza vipande viwili uso kwa uso, akapiga bandi, kisha akarudia kwa mshono wa karibukaribu na kukigeuza kifuko. Mdomoni alikunja njia ya kamba, akapitisha kamba mbili kwa pini: moja ikizunguka kutoka kulia, nyingine kutoka kushoto. Ukivuta zote, mdomo unafumba, na mtoto mdokozi hawezi kuufungua kimyakimya. Ufundi wote ulikuwa hapo.

Cha pesa kilikaa kiunoni, chini ya kanga, na kukitoa kulikuwa na adabu zake. "Mume wangu, hebu tazama ukutani," ataniambia, nami nageuka nikisikiliza sarafu zinavyogongana. Kingine kilitunza iliki na mdalasini. Cha karafuu kililala sandukuni katikati ya nguo. Juzuu yangu ya chuoni ilikuwa na cha kwake, chenye mkanda wa kupitisha begani, isije ikagusa chini. Gololi nazo zilikuwa na chao, na mbegu za kunde zilingoja mvua katika kimoja kilichotundikwa juu ya jiko, zikipigwa moshi. Mwanzoni mwa miaka ya 80, duka likibahatika kupata sukari, uliingia foleni na kifuko chako mkononi.

Halafu ikaja enzi ya ruksa, milango ya biashara ikafunguliwa. Mitumba ikajaa sokoni, na mfuko wa plastiki, rambo, ukafika hadi genge la nyanya. Nani ahangaike na sindano? Haki yake tuipe rambo: ilikuwa nyepesi na haikupitisha maji, wakati kifuko cha kanga kikinyeshewa, sukari umeshaikosa. Lakini ilitunasia kwenye kila mchongoma na kuziba kila mtaro.

Juni 1, 2019, Tanzania Bara ikapiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Nikadhani vifuko vitarudi. Wapi! Tukaingia madukani kununua mifuko mbadala, ile inayojifanya kitambaa, ambayo mingi nayo ni plastiki ya kiwandani. Pesa yenyewe imehamia kwenye simu. Siku hizi mtu huziba kwa kiganja akibonyeza namba ya siri. Kutazama ukutani kumeishia hapo.

Kifuko nilikuja kukiona tena Mji Mkongwe, Zanzibar, kwenye duka la watalii, kina zipu na bitana, kimeshonwa kwa kanga mpya isiyowahi kuvaliwa na mtu. Mgeni alikinunua atie pasipoti na chaja. Kazi nzuri, sina ugomvi nayo. Kinachoniuma ni kwamba sisi wenyewe chaja zetu tunaziviringisha ndani ya soksi.

Na vitambaa havijakosekana. Chini ya kila cherehani mtaani kuna rundo la mabaki ya vitenge linalofagiwa jioni likachomwe. Ukipita kwa fundi wako, muombe vipande viwili vinavyolingana, ushone kifuko. Chaja itaenea humo, na dawa za presha za mama pia.