Killington: Mlima Unaojipikia Theluji

Haya msomaji wangu, wiki hii tuyaache kidogo mambo ya disko na mitindo ya nywele. Vaa koti zito, na glavu kama unazo, twende Marekani, jimbo la Vermont, kule kaskazini mashariki wanakopakana na Kanada. Kuna mlima huko unaitwa Killington. Usije ukadhani ni mlima wa kutisha. Kilele chake hakifiki mita 1,300. Geti la Marangu, pale watalii wanapoanzia kuupanda Kilimanjaro, liko juu kuliko kilele hicho! Mchaga ukimpeleka Killington atakuuliza, "Sasa mlima wenyewe uko wapi?"

Lakini kilima hicho ndicho kinacholisha mji. Wakazi wenyewe ni kama 1,400 tu, halafu msimu wa baridi wanamiminika wageni wa kutoka New York na Boston kuja kuteleza na skii. Wenye hoteli, wapishi, wenye baa, wakodisha viatu, madereva, wote macho juu wanangoja theluji. Mavuno ni ya miezi michache, na wiki zenye mshiko wa kweli ni chache zaidi: ile ya Krismasi na Mwaka Mpya, na ile ya likizo za Februari. Krismasi ikiukuta mlima una nyasi, ujue kuna familia italala na madeni.

Hapo ndipo kasheshe inapoanzia. Mwenye mlima ana fungu moja la pesa, na kuna wake wawili wanaoligombea. Mmoja anaitwa Lifti, mwingine anaitwa Theluji.

Tuanze na Lifti maana ndiye mwenye kujiremba. Ni viti vinavyoning'inia kwenye waya, vinakupandisha hadi juu ili wewe kazi yako iwe kushuka tu. Cha kuchekesha, lifti ya viti ya kwanza duniani ilifungwa Sun Valley, Idaho, mwaka 1936, na injinia wake, James Curran, alitoa wazo kwenye mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini. Ndiyo, ndizi! Akaondoa mkungu, akaweka Mzungu.

Lifti za zamani zinakwenda taratibu, maana kiti kimefungwa moja kwa moja kwenye waya, kikija kasi kitakuvunja magoti. Za kisasa, kiti kinajiachia kikifika kituoni, unakaa kwa raha zako, kisha kinang'ata waya na kuondoka kwa kasi mara mbili. Bei yake ni mamilioni ya dola. Wageni wanaipenda, inapigwa picha, inawekwa kwenye matangazo. Kila mtu anaiona.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Lifti ya kasi yenye viti vya watu wanne inaweza kupandisha watu walewale kwa saa kama ile ya pole pole yenye viti vya wanne. Kinachopungua ni muda wa kukaa hewani. Na mtu ambaye hayuko hewani yuko wapi? Yuko kwenye mteremko, anakwangua theluji! Kwa hiyo ukinunua lifti mpya bila kuongeza theluji umenunua kijiko kikubwa sufuria ikiwa ileile. Ifikapo saa nane mchana watu wanateleza juu ya barafu tupu, wanaanguka kama maembe.

Ndiyo maana mimi, kama ningeulizwa, ningeanza na yule mke wa pili, asiyejua kujiremba. Wanapampu maji kutoka kwenye mabwawa, wanayapandisha kwa mabomba hadi kwenye mizinga iliyopangwa pembeni mwa mteremko, yanachanganywa na hewa iliyoshindiliwa na kompresa, kisha yanarushwa juu. Matone yanaganda kabla hayajagusa chini. Teknolojia hii ilianzia jirani tu, jimbo la Connecticut, mwaka 1950, ilipotengenezwa na mafundi wa kiwanda cha skii. Leo ni jambo la kawaida kabisa. Michezo ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2022 iliendeshwa karibu yote kwa theluji ya kupika.

Ila masharti yake, wee! Kwa kawaida lazima baridi ishuke chini ya sifuri kama digrii mbili, na hewa ikiwa na unyevu inabidi ishuke zaidi. Mwanzoni mwa msimu bahati hiyo inakuja usiku, saa chache, kisha inaondoka. Kwa hiyo vijana wa mizinga wanafanya kazi wakati mabrazameni wenye skii za bei mbaya wamelala. Mlima wenye mizinga mia unapata theluji ya mizinga mia, basi. Mlima wenye mizinga mingi unaweza kuzikamata zile saa chache na kufunika njia kadhaa kwa mpigo. Na mizinga mipya inakula hewa kidogo, maana yake kompresa zilezile zinaendesha mizinga mingi zaidi na bili ya umeme haiui mtu.

Wenzao wa Métabief, milima ya Jura kule Ufaransa, walipiga hesabu wakaona baridi inawakimbia. Mwaka 2020 waliamua kuzitunza lifti walizonazo badala ya kununua nyingine kubwa, wakijua skii za mteremko zingefikia kikomo kati ya 2030 na 2035. Uamuzi mgumu huo, ukizingatia kwamba lifti hulipa deni lake kwa miaka mingi.

Killington wao wamekaza. Mlima ulifunguliwa Desemba 1958, na kibanda cha kwanza cha tiketi kilikuwa banda la kuku! Mwaka 2024 ulinunuliwa na wawekezaji wenye makazi hapohapo, wakatangaza kutia zaidi ya dola milioni 30. Kwenye orodha kulikuwa na mizinga mipya 1,000 ya theluji na lifti mpya ya watu sita kwenye mteremko wa Superstar, kuchukua nafasi ya ile ya 1987. Wake wote wawili wakapewa kitenge siku moja.

Na wivu ukatokea papo hapo. Superstar ndiyo inayobeba mbio za Kombe la Dunia la wanawake tangu 2016, mwishoni mwa Novemba, juu ya theluji ya mizinga hiyohiyo. Mikaela Shiffrin, aliyesoma shule ya skii Vermont hukohuko, ameshinda hapo mara kadhaa mbele ya maelfu ya mashabiki. Lakini 2025 mafundi walikuwa wanasimamisha lifti mpya kwenye mteremko uleule. Kombe la Dunia likafungasha virago, likapigwa Copper Mountain, Colorado, na hoteli za Killington zikaipitisha Novemba hiyo bila wageni wa mbio.

Haya, vua koti. Tukutane wiki ijayo.