Mzee Anapoanza Kujikwaa



Ndugu wasomaji, leo naomba kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo katika familia nyingi hunong'onwa tu jikoni, nalo ni kuanguka kwa mzee. Nasema juu ya mzee mwenye akili timamu, anayetembea mwenyewe hadi msikitini, ambaye siku moja anajikwaa penye sakafu iliyo sawa kabisa na hapati kujizuia.

Kwetu ni Paya, katika wilaya ya Tororo nchini Uganda. Mimi nimeolewa Busia, upande wa Kenya, kwa hiyo mara kwa mara navuka mpaka kwenda kumwona baba. Mzee wetu amepita miaka sabini. Alikuwa mfanyabiashara wa mpakani, mtu wa safari na mizigo, na hata leo akili yake ni kali kuliko zetu. Miaka miwili iliyopita mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka akiwa ameupumzisha juu ya paja. Hatua zake zikawa fupi, mkono ule ukaacha kupunga anapotembea, na maandishi yake katika daftari la madeni yakawa madogo kama sisimizi. Mara ya kwanza tuliambiwa ni uzee tu. Baadaye daktari wa mishipa ya fahamu alimchunguza, akatuambia ni ugonjwa wa Parkinson, na kwamba bado uko katika hatua za mwanzo.

Ugonjwa huu umepewa jina la tabibu wa Kiingereza, James Parkinson, aliyeuandikia kijitabu mwaka 1817. Ndani ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini, ambacho husaidia mwili kutembea na kujinyoosha kwa wepesi. Chembe hizo zinapokufa kidogo kidogo, viungo huwa vigumu, mwendo hupungua, na wengi hutetemeka. Hauambukizi. Baba alitulia zaidi alipokumbushwa habari za Muhammad Ali, kwani yeye ni miongoni mwa vijana waliofuatilia redioni pambano la Kinshasa la tarehe 30 Oktoba 1974. Ali aliambiwa ana ugonjwa huu mwaka 1984, akiwa na miaka 42. Mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta huku mkono ukitetemeka mbele ya dunia nzima, na aliishi hadi mwaka 2016. Baba alisema, "Kama bingwa yule alipatwa, mimi ni nani nisipatwe?"

Majirani, hata hivyo, walikuwa na maelezo yao. Huko Buganda mtetemeko wa namna hii huitwa buko, na husemwa kuwa humpata mtu aliyevunja heshima ya ukweni, kwa mfano kwa kumgusa mkwe. Maneno haya yamesafiri na watu mpaka huku kwetu. Si ajabu kwamba kikundi kimoja cha kuwatetea wagonjwa nchini Uganda kilijiita Parkinson's Si Buko. Kwetu sisi maneno hayo yalimwumiza zaidi wifi yangu, mke wa kaka yangu. Kaka zangu hushinda Malaba na Busia katika kazi zao, mama naye amechoka, kwa hiyo wifi ndiye aliye karibu na mzee kutwa nzima. Alipoanza kusikia watu wakiuliza, "Je, mzee amemgusa mkwewe?" akaogopa hata kumpa maji mkononi.

Tujue pia kwamba wagonjwa wa namna hii wapo vijijini, ila hawajulikani. Katika wilaya ya Hai huko Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu wapatao 161,000, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2008 walipata wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani.

Mara ya kwanza baba kuanguka ilikuwa mwaka jana, baada ya swala ya Isha. Alikuwa anageuka mlangoni aingie ndani. Miguu ikaganda kana kwamba imebandikwa gundi, na mwili ukaendelea mbele. Aliangukia magoti. Alhamdulillahi hakuvunjika kitu. Hakumwambia mtu mpaka mama alipoona goti limevimba, naye akajibu, "Niliteleza tu."

Kikao cha ukoo kiliitwa. Baba mdogo akatoa uamuzi, na aliutoa kwa mapenzi: kuanzia leo mzee akae kwenye kiti, maji aletewe, chakula aletewe, msikitini asiende kwa miguu. Wiki chache baadaye miguu yake ilikuwa imelegea. Alihitaji kujaribu mara tatu ndipo ainuke kitini. Hapo ndipo tulipomtafuta mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na aliyotueleza ndiyo yaliyonifanya niandike.

Alisema kwamba katika kila wagonjwa 10 wa Parkinson, kama 6 huanguka ndani ya mwaka, na kama 4 huanguka zaidi ya mara moja. Lakini kumkalisha mtu chini hakuzuii kuanguka, bali huongeza hatari, maana misuli hudhoofika na woga huzidi. Akatutajia utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2015, wa wagonjwa 231. Nusu yao walipewa mazoezi ya nguvu za miguu na ya kusimama imara, mara 3 kwa wiki kwa miezi 6, sehemu kubwa wakiyafanya nyumbani kwao. Wale ambao ugonjwa wao ulikuwa bado mwepesi walianguka mara chache sana, pungufu kwa kiasi cha theluthi mbili kuliko wenzao wasiofanya. Wale ambao ugonjwa ulikuwa umewazidi hawakupata faida hiyo. Ndugu zangu, hapo ndipo penye neno lenyewe. Wakati wa kuzuia kuanguka ni huu wa mwanzo, mzee angali anatembea, wakati ambapo sisi huona bado mapema.

Alitufundisha maswali matatu ya kujiuliza. Je, ameanguka hata mara moja katika miezi 12 iliyopita? Je, miguu imewahi kumganda katika mwezi uliopita? Je, kwa mwendo wake wa kawaida anatumia zaidi ya sekunde 9 kutembea mita 10? Kadiri majibu ya "ndiyo" yanavyozidi, ndivyo hatari inavyozidi, na swali la kwanza ndilo lenye uzito kuliko yote. Kwa hiyo ule mwanguko mmoja ambao mzee anauita "niliteleza tu" usipuuzwe.

Basi baba akarudi kwenye miguu yake. Asubuhi, dawa ikishafanya kazi, huinuka na kukaa kitini mara kumi. Hupanda na kushuka kidaraja cha matofali akiwa ameshika ukuta, hutembea kwa ubavu akishika meza, kisha huenda msikitini kwa miguu, mjukuu akiwa ubavuni mwake. Mjukuu amekatazwa kumvuta mkono, yeye yupo tu.

Nyumba nayo tuliitengeneza, na gharama yake ilikuwa ndogo. Mikeka iliyokunjuka pembe tuliiondoa njiani. Kamba za mbuzi zilihamishiwa nyuma ya nyumba. Madumu ya maji yaliyokuwa yakiwekwa penye kizingiti yalipata pahali pengine. Njia ya kwenda chooni ilisawazishwa na kumwagwa changarawe, maana udongo wa kwetu ukinyeshewa huteleza kama sabuni, na tochi sasa hukaa kando ya mto wake. Kandambili tulizipa likizo, akanunuliwa viatu vyenye kushika kisigino. Pale mlangoni anapoganda, kaka alichora kwa chokaa mistari myeupe yenye nafasi ya hatua moja moja. Mzee huilenga mistari na kuhesabu "moja, mbili", na miguu inafunguka. Anapotaka kugeuka, huzunguka kwa duara pana kama gari kubwa, hageuki papo hapo. Na watoto wamefundishwa wasimwite babu kwa nyuma wala kumsemesha akiwa amebeba kikombe, kwa sababu kutembea ambako kwetu hakuhitaji fikra, kwake sasa kunahitaji fikra zote.

Ibada ilihitaji mazungumzo ya peke yake. Mzee mwenye ugonjwa huu huanguka kwa urahisi anapotawadha akiwa amesimama kwa mguu mmoja ili aoshe mwingine, kwa hiyo baba sasa hutawadha akiwa amekaa kwenye kigoda. Tena ugonjwa wenyewe, na hata dawa zake, huweza kushusha shinikizo la damu mtu anapoinuka ghafla, macho yakaingia giza. Mwombeni mhudumu wa afya ampime mzee akiwa amelala, kisha tena akiwa amesimama. Baba alikuwa hataki kabisa kusikia habari ya kuswali kwenye kiti, akiona ni kupungukiwa. Imamu alimkumbusha kwamba ruhusa ya mgonjwa kuswali akiwa amekaa iko wazi, na kwamba Imran bin Huswayn, sahaba wa Mtume (S.A.W.), aliipata alipouliza kuhusu maradhi yake mwenyewe. Siku hizi baba husimama kwa kadiri anavyoweza karibu na ukuta, na kiti kiko nyuma yake.

Kuhusu Ramadhani, saa za dawa za levodopa zisibadilishwe kwa akili za nyumbani, na dawa isikatizwe ghafla, kwani kuna hatari kubwa. Daktari aulizwe kabla ya mwezi kuingia, kisha sheikh aulizwe juu ya fidya ikiwa funga haiwezekani.

Sasa nirudi kwa wifi. Suala lake hatukuliacha liishie katika minong'ono. Kaka alimwuliza sheikh mbele ya familia yote, na jibu likawa fupi: baba wa mume ni maharimu wa mke wa mwanawe, na hubaki maharimu yake hata kama ndoa itavunjika au mume akifa. Kumwinua mzee aliyeanguka ni wema, wala hakuna buko ndani yake. Yule mtaalamu naye akamfundisha namna ya kusaidia. Asimnyanyue kwa kumvuta mikono. Kwanza amwache atulie, amwulize anaumia wapi. Kama amejigonga kichwa, anatapika au anasinzia, au nyonga inamwuma na mguu umepinda au unaonekana mfupi, asimwinue, atafute watu na usafiri wa kwenda hospitali. Kama yuko salama, alete kiti imara, mzee ageuke ubavu, apige magoti, ashike kiti, aweke mguu mmoja mbele, ndipo ainuke kwa nguvu zake mwenyewe.

Msimu wa mvua uliopita baba alianguka kando ya ghala, na hapakuwa na mtu mwingine isipokuwa wifi na mtoto mgongoni. Alifanya kama alivyofundishwa. Mama alipofika alimkuta mzee amekaa kitini, wifi akimpangusa tope magotini, na jirani amesimama uani anatazama. Baba akasema kwa sauti ya kusikika, "Asante, mwanangu." Tangu siku ile sijasikia tena maneno ya buko nyumbani kwetu.

Mambo mawili ya mwisho, ndugu wasomaji. Kama mzee anaanguka mara kwa mara tangu mwaka wa kwanza wa ugonjwa, hasa akianguka kwa nyuma, mrudisheni kwa daktari, maana yapo maradhi mengine yanayofanana na Parkinson na uangalizi wake ni tofauti. Na kila zahanati mnayokwenda, semeni mapema kwamba mgonjwa ana Parkinson. Dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoclopramide, inayotolewa sana, huweza kumkaza viungo zaidi na kumpotezea miguu aliyokuwa nayo.

Mwenye mzee nyumbani na amwulize leo, kwa upole na bila watu kusikiliza, kama amejikwaa mwaka huu. Wengi wao wanasubiri kuulizwa tu. Mwenyezi Mungu awape wazee wetu nguvu za miguu, na atupe sisi subira ya kutembea kwa mwendo wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.