Akikuita, Itika

Ngamiani, Tanga

Mpwa mpendwa,

Kadi ya mwaliko wa harusi yako imefika, na mkaza mjomba wako ameshaisimamisha kabatini, mbele ya vikombe vya wageni, ili kila anayeingia aione. Juzi kwenye simu uliuliza swali ambalo mjomba wako alilijibu kwa kicheko tu: wazee hawa wamewezaje kukaa kwenye ndoa miaka 44 na bado wanataniana kama wachumba? Jibu lilikuwapo, ila salio la simu lilikuwa linakwisha. Basi lipokee kwa barua.

Kila asubuhi mkaza mjomba wako huketi kwenye mbuzi jikoni akikuna nazi ya mbaazi, uso ameuelekeza dirishani. Kwenye mwembe wa jirani huja kunguru mwenye bawa lililonyonyoka. "Yule karudi," husema. Haombi msaada wala hana shida na kunguru. Mjomba wako wakati huo yuko barazani na redio, taarifa ya habari ndiyo kwanza inaanza. Angeweza kuguna tu, habari zikaendelea. Lakini hupunguza sauti, huinuka na magoti yake yanayolia, huenda hadi dirishani na kuuliza, "Leo kaja na mwenzake?" Dakika moja haiishi. Kisha hurudi kwenye redio yake.

Kazi yote ya kulea penzi katika nyumba hii ni hiyo: mmoja kuita, mwingine kuitika.

Wataalamu wa Marekani wamelipima jambo hilohilo. Mwanasaikolojia John Gottman wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, aliwakaribisha watu waliooana karibuni katika nyumba ndogo iliyofungwa kamera, wapike, wale, wasome gazeti, wapige soga kama kawaida. Kilichohesabiwa ni vile vimaneno vidogo: mmoja akisema "tazama ile boti", je, mwenzake anatazama? Miaka sita baadaye walitafutwa tena. Waliokuwa bado pamoja walikuwa wakiitikia miito hiyo mara 86 katika kila 100. Walioachana walikuwa wameitikia mara 33 tu.

Watu wa pwani walikuwa na maneno ya jambo hili kabla ya kamera. Mtoto akiitwa hafundishwi kusema "nini?" Wa kike huitika "abee", wa kiume "naam" au "labeka". Adabu hiyo hufundishwa kwa ajili ya wazazi na wakubwa, halafu siku ya harusi mwanamume huiacha mlangoni pamoja na viatu. Mjomba wako aliamua kumwitikia mkewe "labeka", na mtaa mzima ukasema kalishwa limbwata. Kati ya waliosema hivyo, wawili wameshaoa mara tatu.

Tena angalia nani hufundwa katika nchi hii. Mwari ana somo wake, ana kungwi wake, ana siku nzima za kuambiwa mume aamshwe vipi na apokewe vipi. Hata utungo wetu mashuhuri zaidi wa nasaha za ndoa umeelekezwa huko: Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwachia binti yake Mwana Hashima namna ya kuishi na mume. Ni kazi kubwa, na mama yule aliandika kwa hofu ya kumwacha mwanawe bila mtu wa kumwelekeza. Ila upande wa pili wa kitanda umebaki bila utenzi wake. Shaaban Robert, mwana wa Tanga hii, alijitahidi kusawazisha: alimtungia binti yake utenzi wa nasaha, na mwanawe wa kiume akamtungia wake. Na alipofiwa na mkewe Amina hakuona haya kumlilia kwa shairi lenye jina lake. Bwana harusi wa leo hupewa suti ya kukodi na ushauri wa dakika tano ndani ya gari. Ndiyo maana barua hii imekuja kwako, haikwenda kwa mchumba wako.

Miito si ya kunguru tu. Mwingine huja na uzito wa gunia. Mwalimu Nyerere na Mama Maria walioana Januari 1953. Mwaka 1955 mume akaacha kazi ya ualimu Pugu kwa ajili ya chama cha TANU, na mshahara ukakoma. Mama Maria akauitika mwito huo: akafungua duka dogo Magomeni, akauza mafuta ya taa na mahitaji mengine ili nyumba iende. Walikaa pamoja miaka 46, hadi mume alipofariki Oktoba 1999. Watu huikumbuka siasa ya miaka ile, na kibaba cha mafuta ya taa kikasahaulika.

Na usidhani mjomba wako ni bingwa. Mwaka kiwanda alichofanyia kazi kilipofunga milango, alirudi nyumbani na mdomo akaufunga pia. Akiambiwa chai tayari, kimya. Akionyeshwa jani jipya la mchungwa uani, kimya. Miezi minne hivi mkewe aliendelea kumwita, mwisho akafunga mzigo wake akaenda kwa mama yake, Muheza. Alikaa siku 19. Mjomba wako alimfuata kwa daladala bila mshenga wala zawadi, akaketi kwenye mkeka, akamwomba amsimulie yote aliyotaka kusema katika miezi ile. Masimulizi yalianza baada ya adhuhuri, yakaisha taa zikiwa zimewashwa. Jani la mchungwa lilikuwamo.

Vijana hudhani baada ya muda hamu hufa, yakabaki mazoea. Mwaka 2011 watafiti, akiwamo mwanasaikolojia Arthur Aron, walitoa matokeo ya kuchunguza ubongo wa watu 17 waliokuwa kwenye ndoa kwa wastani wa miaka 21 na waliosema bado wanawapenda sana wenzao. Walipoonyeshwa picha za wenzao, sehemu za ubongo zinazohusika na dopamini ziliamka, zilezile zinazoamka kwa waliopendana jana. Aron huyohuyo aliwahi kuwafunga wanandoa mkono kwa mkono na mguu kwa mguu, akawaambia watambae juu ya magodoro wakibeba mto bila kuushika kwa mikono. Ilichukua dakika saba. Waliocheza mchezo huo waliridhika na ndoa zao kuliko waliopewa kazi ya kuchosha. Wazee hawa hawatambai tena, lakini mara mojamoja hupanda basi hadi Pangani, wakavuka kwa kivuko kwenda Bweni, wakanywa dafu na kurudi. Hawana wanachokifuata ng'ambo ile.

Kuna na yale mambo ya kwetu ambayo hayahitaji profesa. Mkaza mjomba wako huchuma asumini jioni, huzitia kwenye kikuba pamoja na rehani, na chumba kizima hunukia. Mume naye ana zamu yake: kanga. Hapo sikiliza vizuri. Mwaka wa pili wa ndoa mjomba wako alipita dukani, akapenda rangi, nyekundu na nyeusi, akalipa doti nzima bila kusoma jina. Mkewe aliifungua mbele ya mashoga zake wanne. Kumeandikwa: "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu." Hakugombana. Aliivaa siku tatu mfululizo, sokoni, msibani na kwa mawifi zake. Hadi leo, mume akikohoa tu usiku wa manane, huulizwa gizani, "Hiyo ni dhahabu au ni adhabu?" Wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa shika mambo matatu ya kuanzia, mengine utayaokota njiani. Simu ilale sebuleni, isilale kitandani. Akikuletea habari njema, iulizie maswali mawili kabla hujaleta yako. Na akikuita kwa jambo la upuuzi, nenda. Upuuzi huo ndio atakaoukumbuka siku ya jambo zito, akipima kama utakuja.

Mjomba wako na mkewe watafika Ijumaa kwa basi la asubuhi, akipenda Mungu. Mtu aje kuwapokea, kuna kikapu cha maembe. Kwenye bahasha hii kuna doti ya kanga ya kumpa bibi harusi kwa mkono wako mwenyewe. Jina la kanga hiyo limesomwa mara mbili, na mkaza mjomba wako akalisoma mara ya tatu.