Stuli ya Mama Mlangoni kwa Abti

Jioni, pale stejini mjini Nakuru, makanga wa magari ya kwetu huita jina la mtaa mara mbili mbili: "Shabab, Shabab! Wawili twende!" Mtaa wetu uko upande wa Kaptembwo, na jina lake ni la zamani kuliko lile kundi la Al-Shabaab la Somalia. Kwa Kiarabu ni vijana tu. Nimekulia humo, na kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa kwangu sawa na Langalanga au Bondeni: neno la kumwambia makanga ajue utashukia wapi.

Kwenye kona yetu kulikuwa na duka la Abti. Ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, ingawa abti kwa Kisomali ni mjomba na sisi hatukuwa wapwa wake. Katika droo ya pesa alihifadhi kadi ya rangi ya waridi ya marehemu babake. Wasomali wa Kenya walipewa kadi hizo baada ya mchujo wa serikali wa 1989, wazibebe pamoja na kitambulisho cha kawaida kuthibitisha kwamba ni Wakenya kweli. Alinionyesha siku moja nikiwa shule ya msingi. Nilidhani ni kadi ya maktaba.

Mwishoni mwa Januari 2008, vurugu za uchaguzi zilipofika Nakuru, vijana waliweka vizuizi barabarani wakawa wanauliza watu jina la pili. La kwetu lilikuwa baya kwa upande ule. Abti hakutuuliza lolote. Alifungua mlango wa nyuma, akasogeza magunia ya sukari, tukalala stoo siku mbili, mama na sisi watoto watatu, mawe yakigonga mabati juu yetu. Mdogo wangu alikula biskuti mpaka akaumwa na tumbo. Siku ya tatu tukapata njia ya kufika uwanja wa Afraha, walikokuwa wamejaa waliofukuzwa makwao. Tuliporudi mtaani wiki kadhaa baadaye, mama alikwenda kulipia zile biskuti, naye Abti akazihesabu moja moja.

Haya nayasema ili ieleweke kwamba sikuwa na kisingizio.

Al-Shabaab walishambulia jumba la maduka la Westgate, Nairobi, Jumamosi, tarehe 21 Septemba 2013. Watu 67 waliuawa, na tukasikia kwamba baadhi ya mateka walitakiwa watamke shahada ili waachwe hai. Siku chache baadaye nilipanda gari la jioni. Makanga akapanua kifua: "Shabab, Shabab! Wenye mabomu wakae nyuma!" Gari zima likacheka. Nami nilicheka. Kiti cha mbele yangu alikaa msichana wa shule aliyevaa hijabu. Hakugeuka. Alishuka steji mbili kabla ya yetu, na alipopita dirishani nikamwona uso. Alikuwa binti wa Abti.

Tangu hapo nilianza kuyasikia maneno ambayo bila shaka yalikuwapo muda wote. Abti akawa "waria", neno ambalo Wasomali wenyewe huitia mwanamume, lakini midomoni mwetu lilikuwa limegeuka kitu cha kutupia mtu kama ganda la ndizi. Watoto waliotumwa sukari walirudi wakichekelea kwamba wamenunua kwa gaidi. Mwaka uliofuata, Aprili 2014, ikaja Operesheni Usalama Watch, msako wa polisi uliowalenga Wasomali. Maelfu walikamatwa, wengi wao Eastleigh jijini Nairobi, na wengine wakarundikwa uwanja wa Kasarani, wakimbizi na wenye vitambulisho vya Kenya pamoja. Abti alikuwa akichukua mali yake Eastleigh. Akaacha kusafiri. Badala yake mama akawa ndiye anayepanda gari la Nairobi na orodha aliyoandikiwa kwenye karatasi ya daftari: mashuka, kanga, viatu vya plastiki. Alisema anapenda safari. Mama hakupenda safari hata kidogo. Alikuwa akitapika tangu Gilgil.

Kisha likaja shambulio la Garissa. Alhamisi ya tarehe 2 Aprili 2015, kuamkia Ijumaa Kuu, watu 148 waliuawa, karibu wote wanafunzi wa chuo kikuu, na hapa tena Wakristo walitengwa na Waislamu. Hakuna nyumba mtaani kwetu ambayo haikuwa na kijana chuoni au anayetamani chuo. Hasira ilikuwa ya kweli, nami nilikuwa nayo. Ijumaa jioni vijana kama kumi na watano walisimama mkabala wa duka la Abti. Walikuwa hawajasema neno. Mmoja alikuwa akirusharusha jiwe kutoka mkono huu hadi huu.

Mama alitoka na stuli yake, uteo, na maharagwe ya githeri. Akavuka barabara, akaweka stuli katikati kabisa ya mlango wa duka, akaketi, akaanza kuchagua maharagwe. Mawe huku, maharagwe huku. Akaja jirani yetu wa pili na kitambaa chake cha kushona, kisha mama mboga akahamishia ndoo yake ya sukuma pale pale. Mimi nilisimama kwenye lango letu, miguu ikiwa mizito, mpaka mama aliponiita: "Wewe, niletee maji." Nikavuka.

Yule mwenye jiwe alisema, "Mathe, toka hapo, haikuhusu."

Mama hakuinua kichwa. "Mamako ana deni la mikate na maziwa humu ndani. Umekuja kumlipia?"

Mtu mmoja akacheka, halafu wawili. Nimewahi kuwasikia wahubiri, machifu na watu wa amani wenye fulana zilizochapishwa, na sijaona maneno yaliyovunja kikundi upesi hivyo. Hawakuondoka kwa kutubu. Waliondoka kwa aibu ndogo ya daftari, wakaenda kukaa kwingine na hasira zao. Mama alikaa hadi saa tatu usiku. Jumamosi akarudi, na Jumapili ya Pasaka baada ya kanisa.

Desemba mwaka huo, kule Mandera, wapiganaji wa Al-Shabaab walisimamisha basi, na abiria Waislamu wakakataa kutengana na Wakristo. Wanawake waliwagawia wenzao vitambaa vya kichwa. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa waliokataa, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Redio ya duka ilipotoa habari hiyo, yule kijana wa jiwe alikuwa kaunta akinunua salio. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyo mwalimu, wueh," akalipa, akaondoka.

Sitaki kudai kwamba mtaa ulitakasika. Binti wa Abti alipotafuta kitambulisho aliulizwa karatasi ambazo mimi sikuulizwa kamwe. Lakini baada ya shambulio la hoteli ya DusitD2, Nairobi, Januari 2019, nilipanda gari la jioni nikisubiri mzaha. Makanga aliita tu jina la mtaa na nauli.

Mama alifariki 2021. Wiki moja baada ya mazishi nilikwenda dukani kuuliza deni lake, nikijua nitaambiwa liishe hapo. Abti alifungua daftari, akapitisha kidole chini ya mistari, akajumlisha mara mbili.

"Mia tatu na arobaini."

Nilimpa mia nne. Akanirudishia chenji yote sitini.

"Sisi hatumwachi maiti alale na deni, mwanangu," akasema, akachora mstari juu ya jina la mama kwa rula.